Insha ya Maji na Kaseti ya Baba

Nilifika London nikiwa na cheti cha ualimu cha Gredi A na miaka tisa ya kusimama mbele ya madarasa ya watoto hamsini, sitini, wakati mwingine themanini. Mwanamke wa ofisi ya kulinganisha vyeti vya nje alikigeuza cheti changu mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta lebo kwenye nguo ya mtumba, akaniambia kwamba kwa hapa kinahesabiwa sawa na kumaliza shule, tena si shule yote. Sikubishana naye. Wiki iliyofuata nilianza kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, kaskazini-magharibi mwa jiji, na nikaifanya kwa miaka minne kabla sijathubutu tena kutamka neno ualimu.

Njia ya kurudi ubaoni ilikuwepo, ila ilikuwa ndefu. Kwanza unasoma kozi ya watu wazima ya mwaka mzima. Ukifaulu unaomba chuo kikuu. Ukimaliza chuo kikuu ndipo unasomea ualimu, upya, kana kwamba hujawahi kushika chaki. Nilijiandikisha miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Darasa la historia lilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, na shifti yangu ya Jumamosi niliachiwa na mwenzangu mmoja wa kazini, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. "Ende tu, dada," aliniambia, "miye nitakushikia." Nami nikamshikia Jumapili zake alasiri, hadi kozi ilipokwisha.

Mada ya kwanza iliponifikia mkononi nilicheka kwa furaha. Ilihusu ustaarabu wa kwanza wa mitoni: jinsi watu wa kale walivyopanga miji yao na kilimo chao. Mada hiyo nilikuwa nimeifundisha darasa la sita mara nyingi, kwa kitabu kisichokuwa na jalada, nikichora mto Nili ubaoni kuanzia kona ya chini hadi juu na watoto wakipiga kelele kwamba nimeukosea, mito haipandi. Nikasema hapa angalau sitaanza sifuri.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Kiingereza, mwembamba, mwenye adabu, aliyezoea kuing'ata kalamu kwenye kifuniko kila akifikiri. Sitamsema vibaya, kwani alijua kufundisha. Alitueleza habari za nchi iliyo kati ya Frati na Hidekeli, mito niliyoijua kutoka Biblia tangu utotoni bila kuijua, na kwa mara ya kwanza nikaelewa tabu ya wakulima wa kule. Mafuriko yao huja majira ya kuchipua, shayiri ikiwa imekaribia kukomaa, yaani maji yanakuja wakati ambao huyataki. Basi ilibidi wajenge kingo, wachimbe mifereji, wayahifadhi maji hadi msimu wa kupanda, na kila mwaka wazoe tope lililojaa ndani ya mifereji hiyo, la sivyo inaziba. Wamisri walikuwa na bahati: mto wao ulifurika baada ya mavuno, ukaacha udongo mweusi, ukarudi mahali pake, wao wakapanda. Na kule bonde la Indus walijenga miji ya matofali ya kuchoma, yote ya kipimo kimoja, mitaa imenyooka, na maji machafu yakipita kwenye mitaro iliyofunikwa.

Tatizo lilianza alipochora ngazi ubaoni. Chini kabisa aliandika maji. Juu yake mfereji. Mfereji unahitaji watu wengi, watu wengi wanahitaji msimamizi, msimamizi anahitaji makarani, makarani wanahitaji mji na ghala, na juu kabisa, kwenye kidato cha mwisho, akaandika mfalme. Kwamba bila mfalme maji hayagawanyiki.

Nikanyoosha mkono. "Kwetu kuna mifereji," nilisema, "na haina mfalme."

Alitabasamu, akang'ata kalamu. "Ni habari ya kupendeza sana. Lakini nadhani hiyo ni mifereji midogo." Akaendelea na somo.

Wakati wa mapumziko nilikuwa najimiminia chai pale mezani, mzee mmoja Mhindi aliyekuwa akikaa safu ya nyuma na kofia yake ya sufu akaja kusimama kando yangu. Akaniuliza kwa Kiswahili, kimya kimya, "Mama, wewe Mpare?"

Nusura kikombe kinidondoke. Nikamuuliza amejuaje.

"Nani mwingine atagombana juu ya maji saa nne ya asubuhi?"

Alizaliwa Moshi. Kabla hajahamia Uingereza alikuwa fundi wa pampu, akizunguka mashamba ya mkonge na ya kahawa, Moshi hadi Same na kurudi, na mikono yake bado ilikuwa na makovu ya kazi hiyo. Sasa alikuwa anaishi Stanmore na mwanawe na mkwewe. Alijiandikisha kozi kwa sababu, aliniambia, nyumbani televisheni ni ya wajukuu. Nikadhani nimepata mtu wa upande wangu. Wapi!

"Hii mwalimu anasema kweli," alisema. "Maji bila bwana mkubwa ni vita tupu. Mimi nimeona kwa macho. Watu wa mfereji wa juu na watu wa mfereji wa chini, mapanga mkononi."

"Uliona siku moja, Mzee. Siku nyingine zote hukuwepo, kwa sababu hapakuwa na pampu iliyoharibika."

Tangu siku hiyo kila mapumziko yakawa ni mabishano. Yeye alikuwa ameipenda miji ya Indus kama mtu anavyopenda timu ya mpira. "Kila nyumba iko na choo, mama! Miaka elfu nne na zaidi! Hiyo mtaro bila serikali nani atachimba?" Lakini mwalimu mwenyewe alipoulizwa ikulu ya huyo mfalme wa Indus ilikuwa wapi, ilibidi akiri kwamba hadi leo haijaonekana. Hakuna jengo ambalo watu wamekubaliana kwamba ni kasri, na maandishi yao hakuna ajuaye kuyasoma. "Sasa nani aliamuru matofali yawe ya kipimo kimoja?" nikauliza. "Hatujui," alisema. Nikaiandika kwa herufi kubwa kwenye daftari: HATUJUI.

Insha yangu niliijenga hapo. Niliandika kwamba mfereji mrefu si lazima uthibitishe kuwepo kwa mfalme, na kwamba hata Misri, mabeseni ya kuzuia maji ya mafuriko yaliangaliwa na watu wa pale pale kijijini kabla ya mkono wa mkubwa yeyote kufika. Kisha nikatoa kurasa mbili kueleza ndiva.

Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo Wapare wamelijenga mlimani, juu ya mashamba. Maji ya kijito yanaingia na kujaa tangu jioni. Asubuhi mlango unafunguliwa, na yanateremka kwenye mfereji kwa zamu: leo kitongoji hiki, kesho kile, mtu na siku yake, na ndani ya siku hiyo mtu na saa zake. Tope likijaa inapigwa baragumu, watu wote wanatoka na majembe kwa msaragambo, na asiyetoka anatozwa faini au zamu yake inarukwa. Baba yangu alikuwa msimamizi wa ndiva ya kwetu. Alichaguliwa kwa sababu hana aibu kumwambia mtu hapana. Hakuwa chifu wala ndugu wa chifu.

Insha ilirudi baada ya wiki mbili. Sikufaulu. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwalimu alikuwa ameandika "Chanzo?" mara saba, nilizihesabu. Chini kabisa aliandika kwamba ninaandika vizuri, ila hizi ni kumbukumbu zangu binafsi, na kumbukumbu binafsi si ushahidi.

Hasira niliyoipata ilinipitisha kituo cha basi changu, nikashuka viwili mbele, nikarudi kwa miguu mvuani. Hasira yenyewe haikuwa ya kufeli. Nilifeli mara nyingi maishani. Nilichoshindwa kumeza ni kwamba mtu ambaye hajawahi kushika jembe ananiambia sijui maji yanavyogawanywa, na ananiambia kwa adabu.

Jumamosi iliyofuata nilimfuata mezani kwake. Akasema ninaruhusiwa kuiandika upya na kuirudisha baada ya Pasaka.

"Unataka chanzo gani?" nikamuuliza.

"Kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukikagua."

"Baba yangu yupo hai. Mnaweza kumkagua."

Akacheka, akidhani nimefanya utani.

Nikanunua kadi ya simu kwenye duka moja jirani na stesheni ya Rayners Lane, ile ya kukwangua, nikapeleka ujumbe nyumbani kwamba Jumapili baada ya ibada baba ashuke sokoni, kwenye duka lenye simu. Nikapiga. Simu ikaita, ikakatika. Nikapiga tena, nikapokelewa na mtu aliyesema duka limefungwa na yeye anafagia tu. Mara ya tatu nikampata baba, naye alikuwa anapiga kelele kama vile sauti yake ilipaswa kuvuka bahari bila msaada wa waya.

"Baba, naomba unieleze. Ndiva inafunguliwa saa ngapi, na nani anafungua?"

"Wewe umesahau ndiva inafunguliwa saa ngapi?"

"Sijasahau. Nataka uniambie wewe."

"Kama hujasahau unaniuliza nini?"

"Ni kwa ajili ya masomo, baba. Mwalimu anataka asikie kwako."

"Mwalimu wako ni Mpare?"

"Ni Mwingereza."

"Sasa atanisikiaje?" Akaanza kumweleza mwenye duka kwamba binti yake kule Ulaya anafundishwa ndiva na Mwingereza, wakacheka wote wawili kwa muda mrefu, na kadi ikaisha.

Nikamwandikia barua. Nilimpa maswali kumi na mbili na kumwomba ajibu kwa kaseti, kwani kuandika kulimchosha. Kaseti ikaja baada ya wiki tano, mkononi mwa nesi mmoja aliyekuwa amekwenda likizo. Ilikuwa kaseti ya kwaya. Baba alirekodi juu yake, na pale alipovuta pumzi ulikuwa unasikia soprano kwa mbali.

Niliisikiliza jikoni nikiwa na daftari. Dakika ishirini za kwanza alizungumzia ng'ombe aliyevunjika mguu, bei ya mbolea, na kwa nini sijamtumia picha ya mjukuu wake. Kisha akasafisha koo, akaanza ndiva, na hapo akawa mtu mwingine. Alieleza fimbo yenye alama inayosimikwa ndani ya bwawa ili kila mtu aone maji yamefika wapi kabla ya mlango kufunguliwa. Alieleza kwa nini wa mwisho kwenye mfereji anapewa saa nyingi kuliko wa kwanza: maji yanapotea njiani. Alieleza mjane anavyohesabiwa, na mgeni anavyohesabiwa. Alikuwa katika swali la saba, mlango ukagongwa. Jirani yetu, mtu wa kitongoji cha chini, alikuja kulalamika kwamba zamu yake imeliwa.

Baba hakuzima redio iliyokuwa inarekodi. Kwa robo saa nzima waligombana, Kiswahili kikichanganyika na Chasu, lugha yetu, jirani akidai mlango ulifungwa jua likiwa bado halijafika kwenye jiwe fulani, baba akidai jirani mwenyewe ndiye aliyechelewa kufungua tawi lake. Wakamwita mama awe shahidi. Mama akasema wote wawili wamekosea. Mwishowe wakakubaliana kwamba jirani atafidiwa nusu ya asubuhi kutoka kwenye zamu ya baba, kutoka zamu ya msimamizi mwenyewe, na jirani akaondoka akinung'unika. Baba akarudi kwenye kinasa sauti. "Haya, swali la nane."

Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi, alikuwa anakula mezani. Kiswahili alikielewa chote, ila majibu yake yalikuwa ya Kiingereza daima. Akaniuliza mbona babu anagombana.

"Hagombani, anaeleza."

Akajibu, kwa Kiingereza chake, kwamba huo ulikuwa ugomvi, na kwamba babu ameshindwa.

Ndiyo, nikasema moyoni. Msimamizi wa maji ameshindwa nyumbani kwake, na maji yamegawanywa. Nikaona hapa hapa pana ushahidi mzuri kuliko wowote ambao ningeweza kuuomba.

Niliitafsiri kaseti yote kwenye kompyuta za maktaba ya mtaa, ambako kila mtu alipewa saa moja tu na wa nyuma yako akikohoa kukukumbusha. Ilinichukua siku tisa. Nikaipeleka tafsiri kwa mwalimu pamoja na kaseti yenyewe. Aliisoma yote, nampa haki yake, na aliponirudishia alikuwa na uso wa mtu anayetaka kusaidia na hawezi. Alisema mambo mawili. La kwanza, kaseti ya mzazi haijachapishwa popote. Mtahini wa nje atawezaje kuikagua? La pili, mtu anayesema habari za leo hawezi kuwa shahidi wa mambo ya miaka elfu tano iliyopita.

Kwenye hilo la pili alinibana, na ninakiri. Lakini nilikuwa nimechoka, nikamjibu: "Na ngazi uliyoichora ubaoni, wewe uliipata kwa shahidi wa mwaka gani?"

Akang'ata kalamu. Kisha akasema lakini hiyo imeandikwa na wataalamu.

Mzee wa Stanmore alikuwa amesikia yote. Hakukubaliana nami hata kidogo juu ya wafalme, lakini alitoka nje ya darasa akiwa amekunja uso. "Kusema mzee wako si shahidi, hiyo tabia mbaya," aliniambia. "Wewe ngoja. Mimi nitatafuta kitabu."

Na kweli alitafuta. Alikwenda maktaba kubwa ya katikati ya jiji, siku tatu, kwa treni, na chapati zake kwenye mfuko. Jumamosi iliyofuata alikuja na kurasa za fotokopi zilizokuwa bado na joto la kwapa lake. Ilikuwa ripoti ya afisa mmoja wa kikoloni aliyekaa kwenye milima yetu majuma machache, imechapishwa, ina jalada, ina mwaka, ina nambari ya rafu. Mzee aliniwekea kidole kwenye mstari. Afisa alikuwa ameandika kwamba maji yote ya milima ile ni mali ya chifu, naye humpa amtakaye.

"Umeona?" Mzee aling'aa. "Hata kitabu inasema bwana mkubwa!"

"Ni uongo, Mzee."

"Uongo, lakini iko kitabuni."

Nilimwonyesha mwalimu. Alifurahi kuliko sisi sote. Akasema hiki ndicho alichokuwa anakitafuta, chanzo kamili, sasa insha yangu inaweza kusimama. Nikamweleza kwamba kilichoandikwa mle si kweli. Akasema basi nijadiliane nacho. Ila nikijadiliana nacho itabidi nilete chanzo kingine kilichochapishwa kinachosema vinginevyo. Nikauliza kama kipo. Akasema yeye hakijui.

Nilikaa kwenye ngazi za nje za chuo nikalia. Sina la kulipamba. Mwanamke mtu mzima na mkoba wake, watu wanapita. Baba yangu alikuwa ameifungua na kuifunga ndiva ile kwa miaka isiyopungua thelathini, na hakufaa. Mtu aliyepita na kofia ya jua na wapagazi alifaa.

Mzee alikuja akakaa kidato cha juu yangu, akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake. Kwa kukosa la kufanya akazifungua zile fotokopi tena, akafika kwenye ramani ya nyuma. Afisa, hata kama masikio yake yalikuwa mabovu, alikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Alikuwa ameweka ndiva moja moja, mifereji, na mistari ya mwinuko. Mzee akavua miwani, akaisogeza karatasi puani, akaanza kufuata mfereji kwa ukucha kama alivyokuwa akifuata bomba.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza, mama. Hii ndiyo nyumba ya chifu?"

Nikaangalia. Ndiyo, iliandikwa hivyo, na shamba lake pembeni.

"Hii nyumba iko chini kabisa. Angalia mistari. Maji inapita kwa huyu, inapita kwa huyu, inapita kwa hawa wote, halafu ndiyo inafika kwake. Yeye ndiye wa mwisho." Alinitazama kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemwekea mtego. "Mwenye maji yake hawezi kukaa mwisho wa bomba. Mimi nimefunga pampu kwa matajiri wote wa Moshi. Hakuna hata mmoja alikaa mwisho."

Sijui tulikaa pale muda gani. Tuliifuata mifereji yote kumi na mmoja ya ramani ile, na hakuna hata mmoja ulioanzia kwa chifu. Mzee hakusema kwamba nilikuwa sahihi. Alisema tu kwamba afisa yule alikuwa mjinga, akakunja karatasi.

Nikaandika upya. Nilianza na ripoti, nikainukuu kama ilivyotakiwa, kisha nikamgeuzia afisa ramani yake mwenyewe. Niliandika kwamba kama mwandishi wa ripoti aliweza kupotoka akiwa amesimama kando ya mfereji wenyewe, na wenye mfereji wako hai wa kumweleza, basi sisi tunaotazama vifusi vya Frati na Indus tuwe waangalifu kabla ya kumpandisha mfalme kwenye kidato cha juu. Kaseti na tafsiri yake niliviweka kama kiambatisho. Mwalimu alisema kiambatisho hakihesabiwi alama. Nikasema najua.

Nilifaulu kwa alama ya chini kabisa inayoruhusiwa. Maoni yalisema kwamba matumizi ya ramani ni mazuri, lakini hitimisho limekwenda mbali kuliko ushahidi unavyoruhusu. Nilimsomea Mzee. Alitaka kwenda kumwona mkuu wa chuo. Nilimzuia, naye akakasirika kwamba ninakubali kirahisi mno, tukaachana vibaya siku ile. Tulikuja kupatana miezi baadaye, nilipokutana naye sokoni Rayners Lane akichagua bamia, akaniuliza kama nimekwisha kuwa profesa. Mwaka uliofuata nilipita chuoni kuchukua cheti, na kwenye kioo cha mlango wa darasa niliiona ngazi ubaoni, vidato vile vile, mfalme juu.

Siku hiyo hiyo niliomba kaseti yangu. Kazi za wanafunzi zilikuwa zimehifadhiwa kwa ajili ya mtahini wa nje, na kaseti ilikuwa ndani ya bahasha pamoja na insha. Mwanamke wa ofisini alinieleza kwamba kazi hutunzwa kwa mwaka mmoja kisha huharibiwa. Nikamwambia mwaka haujafika. Akaangalia kwenye kompyuta, akasema kweli haujafika, ila idara ilihamia jengo jingine wakati wa likizo na masanduku mengine hayakuwekwa alama. Aliniandikia nambari ya kupiga. Nilipiga. Nikaambiwa nitume barua. Nilituma barua mbili, nikaenda mwenyewe mara tatu, mara ya mwisho nikaruhusiwa kuingia stoo na kupekua. Niliona insha za watu wa miaka mingi, mifano ya majengo ya karatasi, mkono wa plasta. Kaseti haikuwepo.

Kosa langu lilikuwa moja, na bado linaniuma: sikuinakili. Redio yetu ilikuwa na milango miwili ya kaseti, ingenichukua saa moja na nusu. Nilitoa ya asili kwa sababu nilidhani ushahidi ni lazima uwe wa asili.

Niliingia chuo kikuu cha jioni, nikasoma miaka sita nikichanganya na shifti, na katikati ya miaka ya elfu mbili nikasimama tena mbele ya darasa, safari hii la watoto thelathini, nikaona ni wachache kama familia. Mpango wa somo la Misri ulinipa piramidi wiki mbili, maiti zilizokaushwa wiki moja, na wakulima nusu saa. Niliomba wakulima waongezewe. Mwalimu aliyekuwa akinisimamia alisema watoto wanapenda maiti.

Wakati huo baba alikuwa amenunuliwa simu ya mkononi na kaka yangu. Hapakuwa tena na haja ya kadi ya kukwangua wala mwenye duka. Nikampigia, nikamwomba anirudie maelezo ya ndiva, pole pole, nami nirekodi.

"Nilishayasema," alijibu.

"Yamepotea, baba. Nilikueleza."

"Nikiyasema mara ya pili nitaongeza chumvi. Tena siku hizi ndiva ina saruji. Wafadhili wamekuja, tumeunda kamati, kuna mwenyekiti, ana muhuri. Mimi nilijiuzulu. Muulize yeye."

"Yeye hajui ya zamani."

"Hajui, ndiyo. Lakini ana muhuri." Akakohoa kidogo, kisha akaniuliza kama simu yake inasikika vizuri, maana ukisimama kwenye mgomba mtandao unashika, ukikaa unapotea, na yeye ameshachoka kusimama. Nikamwambia inasikika. Nilikuwa kwenye kituo cha basi, kalamu mkononi, daftari wazi juu ya mkoba. Nikaandika muhuri, nikaandika saruji, nikamuuliza sasa zamu ya mjane inahesabiwaje. Akasema subiri, ngoja asogee. Nikasikia majani, nikasikia mbuzi, kisha sikusikia kitu.